Utando Usiobanduka: Kumuaga Fundi Linah Jerop

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Mkuu wa Chuo, Mchungaji uliyetufungulia kwa maombi, wakuu wa idara, walimu wenzangu, wageni wetu mlioteremka kutoka mlimani, Kapsokwony, mkafika kabla ya sisi tunaoishi hapa hapa Kitale, ndugu zangu wa Bungoma mliokuja kuhakikisha sitaongea sana, wanafunzi, na wewe uliyetukusanya hapa bila kutaka, Mama Linah, nawasalimu kwa lugha zenu za nyumbani: chamgei. Mulembe.

Kwa wasionijua, mimi ni Wepukhulu, mtoto wa Kamukuywa, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa msimamizi wa Maabara ya Tando Nyembamba ya chuo hiki. Nimepewa dakika kumi na tano. Mkuu wa Chuo ananifahamu vizuri, ndiyo maana amevua saa yake na kuiweka mezani mbele yangu. Mkuu, leo nitazitumia zote, kwa sababu nina jambo la kujivunia na jambo la kukiri, na sitakaa chini kabla sijayasema yote mawili.

Niruhusuni nianze na la kujivunia, maana hilo nimelizoea.

Keshokutwa, Ijumaa, Fundi Linah Jerop anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Asubuhi hii mume wake, Mzee Kipketer, alinivuta kando pale langoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, hebu niambie ukweli. Hii kazi mama amekuwa akifanya huku ndani, si ni kuchomelea tu?" Mzee, sikucheka. Umeishi na fundi bora kuliko wote ninaowajua, na hatujawahi kukuonyesha anachofanya. Acha nikueleze sasa, na hawa wengine wasikilize, kwa maana hata katika meza kuu wapo wanaotikisa kichwa kwa kukubali kila mwaka bila kuelewa.

Tunachukua kipande cha fuwele ya kauri, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kilichosuguliwa hadi uso wake ukawa laini kuliko kitu chochote ulichowahi kugusa. Tunakipachika ndani ya chemba ya chuma cha pua, tunaifunga kwa boliti, tunafyonza hewa yote iliyomo, kisha tunakipasha moto hadi kinakuwa chekundu. Mbele yake tumeweka kipande cha platini. Halafu kutoka nje, kupitia dirisha dogo la kioo, tunaipiga ile platini kwa mwanga wa leza, mpigo baada ya mpigo, mara kumi kwa sekunde. Kila mpigo unang'oa chembe chache za metali, zinaruka kwa mwako wa zambarau, zinatua juu ya ile fuwele. Baada ya nusu saa, fuwele imevaa platini. Utando huo ni mwembamba kiasi kwamba tando mia nane zikipangwa moja juu ya nyingine, ndipo zitafikia unene wa unywele wako mmoja, Mzee. Nawe umebakiza chache, kwa hiyo usiung'oe kujaribu.

Je, ugumu uko wapi? Uko kwenye mstari. Chembe za kauri ndani ya fuwele zimejipanga safu kwa safu, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Metali inayotua juu yake inapaswa kufuata safu zile zile, chembe juu ya chembe, bila kupinda. Ikizifuata, unapata utando mmoja usio na mpasuko, unaopitisha umeme vizuri na unaong'ang'ania kauri usiachie. Ikikosea, unapata vumbi linalong'aa. Kwa utando ule mzuri tunatengeneza kifaa kinachonusa hewa ya ghala na kumwambia mkulima kwamba mahindi yake yameanza kuharibika ndani ya gunia, siku kadhaa kabla pua yake haijajua. Leo vifaa hivyo viko katika maghala kumi na manne, kutoka hapa hadi Bungoma. Nani hapa hajawahi kufungua gunia mwezi wa pili na kukuta ukungu? Mimi nimemwona baba yangu akifungua manane kwa siku moja.

Mashine ile haikuja na fundi. Ilikuja katika makreti sita, imetumika miaka mingi ng'ambo, bila kitabu cha maelezo, na wataalamu wawili waliopita kuiangalia walituambia kwa upole kwamba Kitale ina vumbi, umeme wake unarukaruka, na kazi ya namna hii haifanyiki mahali kama hapa. Walikunywa chai yetu wakaenda. Mama Linah aliyakusanya yale mabomba sakafuni, akaagiza chaki, akachora sakafu nzima, na kwa wiki saba akaiunganisha mashine boliti kwa boliti. Pampu ya kufyonza hewa ilipoanza kudhoofika, hakutumia kifaa cha kisasa kwa sababu hatukuwa nacho. Alishika bisibisi, akaegemeza ncha yake kwenye pampu na mpini kwenye sikio, akasikiliza kama daktari wa watoto. Kisha akasema, "Beringi ya nyuma inalia. Hii nyingine ni kelele tu." Tulifungua. Ilikuwa beringi ya nyuma.

Dkt. Phelista Nakhungu, mwenzangu anayesimamia leza, yuko pale meza ya tatu. Muulizeni kama naongeza chumvi. Naona anatikisa kichwa. Asante, Daktari.

Sasa nifike kwenye ile miezi minne mibaya, na hapa naomba wageni wangu wa Bungoma waache soda kidogo.

Miaka minane iliyopita, tulipokuwa tumeanza kujisifu, tando zetu zilikataa kushika. Kuna jaribio moja ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angelielewa: unabandika selotepu juu ya utando, unaisugua kwa kidole, unaivuta. Utando mzuri unabaki mahali pake. Wetu ulikuwa unatoka wote pamoja na selotepu, unabaki na fuwele tupu kama sahani iliyolambwa. Tulibadilisha joto. Tukabadilisha nguvu ya leza. Tukafungua chemba na kuisafisha kwa spiriti mara kumi na tisa. Kila mara selotepu, na kila mara platini inaondoka nayo. Fuwele zenyewe zilikuwa zimebaki kumi na mbili, hazipatikani nchini, na ofisi kuu ilituandikia ikitaka maelezo, na ikadokeza kwamba mashine inaweza kupelekwa chuo kingine chenye watu wanaoijua.

Mimi nilikuwa na jibu tayari. Mtu anayesimamia maabara huwa hakosi jibu. Nitawaambia baadaye nililoandika.

Kwanza sikieni alilofanya Mama Linah. Asubuhi moja alituita wote sita kwenye chumba cha nje, akatupanga mstari kama wanafunzi, na mezani akawa ameweka vipande sita vya kioo safi. Akasema, "Kila mtu aweke kidole hapa, vile alivyo. Msinawe, msijipanguse." Nilimuuliza, "Mama, hiki ni nini sasa?" Akanijibu, "Daktari, weka tu kidole, bana. Si utajua." Tukaweka. Akatutuma tukanywe chai.

Ili mwelewe, lazima niwakumbushe sisi ni watu gani. Je, kuna mtu wa Bungoma anayeweza kuingia chumbani akaacha hata mmoja bila kumpa mkono? Na watu wa mlimani je? Wao watakupa mkono ukiingia, na ukitoka kidogo kujibu simu ukarudi, wanakupa tena. Sheria ya maabara ilisema glavu zivaliwe chumba cha nje, na tulizivaa. Halafu tukaingia ndani, tukafanya maombi, na tukasalimiana kwa mikono, na glavu zetu, wote, kila asubuhi. Kukataa mkono wa mwenzako kwa sababu ya fuwele? Hiyo ingekuwa dharau, na dharau haikuandikwa katika kitabu chochote cha fizikia. Kwa hiyo kilichokuwa kwenye mkono mmoja kikapita glavu hadi glavu, na kutoka kwenye glavu kikaenda kwenye koleo, na kutoka kwenye koleo kikaenda kwenye fuwele.

Na kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuvaa glavu. Hakushika kifaa, alipita tu kusalimia. Aliona kwamba msimamizi akianza siku bila kumpa kila mtu mkono, watasema ameanza kuringa. Mtu huyo ana ng'ombe wawili, ambao wengi wenu mnawajua kwa sababu amewasifu katika mikutano isiyowahusu. Kila alfajiri huwakamua mwenyewe, kwa mafuta ya kukamulia, mengi, maana mwaka ule mmoja wao alikuwa ameanza kupasuka chuchu. Anajifuta mikono kwa kitambaa, anapanda gari, anakuja kazini. Mafuta hayo hayaonekani. Lakini weka hata alama yake kidogo kwenye fuwele, uipashe moto hadi iwe nyekundu mahali pasipo na hewa, na yanageuka masizi. Platini inatua juu ya masizi badala ya kauri, haioni safu ya kufuata, haina pa kushika.

Nilirudi kutoka kwenye chai mapema kwa sababu nilisahau miwani. Nikamkuta Mama Linah ameinama juu ya vile vioo, anavipumulia kimoja kimoja. Ukipulizia kioo safi, ukungu wake ni sawasawa. Penye mafuta ukungu unakataa, na alama inajitokeza. Vioo vitano vilikuwa na alama ndogondogo. Cha sita kilikuwa kinang'aa kidole kizima, mistari yote, kama picha ya kitambulisho. Kilikuwa changu. Alikuwa ameandika herufi chini ya kila kimoja.

Hakushtuka kuniona. Alikichukua kile kioo, akakifuta kwa spiriti mbele yangu hadi kikawa safi, akakirudisha mahali pake. Kisha akasema, na haya ni maneno yake yenyewe, "Daktari, kesho ukimaliza kukamua, nawa na maji moto na ile sabuni ya vyombo. Mara mbili. Halafu usinisalimie mpaka saa sita." Wenzetu waliporudi, aliwaambia, "Shida iko kwa mikono yetu. Yetu sisi wote. Kuanzia leo ndani tunasalimiana kwa mdomo, na hakuna mtu atanuna." Sisi wote, alisema. Wakati ule hakuna aliyejua kioo cha sita kilikuwa cha nani, na wengi wenu mnalisikia dakika hii.

Wiki iliyofuata tuliweka utando kwenye fuwele ya tisa kati ya zile kumi na mbili. Mama Linah alibandika selotepu, akaivuta polepole. Ilitoka tupu. Akabandika nyingine, ikatoka tupu. Dkt. Phelista alilia, na mimi nilijifanya natafuta kalamu. Tulituma kipande kile kikapigwe eksirei ng'ambo, na jibu likarudi kwamba safu za platini zimefuata safu za kauri kutoka ukingo hadi ukingo, na likauliza, kwa mshangao ambao nimeuweka kwenye fremu ukutani, tulitumia mashine gani. Jibu lilikuwa kwamba tulitumia makreti sita na Linah Jerop. Nilijivunia siku ile kuliko siku niliyopata shahada yangu, na bado najivunia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa ndipo ningemaliza kama ningekuwa mtu mwema kidogo kuliko nilivyo. Makofi hayo yahifadhini.

Nilisema nilikuwa na jibu tayari kwa ofisi kuu. Wiki tatu kabla ya asubuhi ile ya vioo, niliandika barua. Nilihitaji jina la mtu, na nilichagua la aliyekuwa karibu na mashine. Mwezi uliopita, nilipokuwa nikitayarisha hotuba hii, niliomba faili la Mama Linah ili nihakikishe mwaka alioajiriwa. Ndani ya miaka thelathini na mmoja kuna karatasi nyingi za sifa, na karatasi moja tu ya lawama. Ina sahihi yangu. Nitawasomea mstari mmoja: "Kushindwa huku kumetokana na fundi Linah Jerop kutozingatia usafi wa kazi."

Usafi. Niliandika hivyo mimi, na mafuta ya ng'ombe yakiwa kwenye vidole vilivyoshika kalamu.

Mtauliza, ulipoujua ukweli, mbona hukuiondoa? Nilikusudia. Nilisema wiki ijayo, tukishapata jibu la eksirei. Jibu likaja, nikasema tukishamaliza sherehe. Halafu nikajiambia kwamba ofisi kuu haisomi barua, imeshasahau. Haikusahau. Mama Linah aliomba kupandishwa cheo kuwa Fundi Mkuu mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili watu walikaa mezani, wakafungua faili, wakasoma mstari ule, wakafunga faili. Mara ya pili alikuja ofisini kwangu, akakaa kwenye kile kiti kibovu, akaniuliza, "Daktari, hivi mimi nakosa nini? Niambie tu, nitarekebisha." Nami nikamwambia, "Mama, nafasi ni chache." Alinishukuru. Alinishukuru na akarudi kufunga boliti.

Mama Linah, hukukosa kitu. Ilikuwa barua yangu. Ninaona aibu, na ninakuomba msamaha mbele ya Mzee Kipketer, mbele ya binti yako Chepngeno aliyeomba ruhusa shuleni kwake ili aje kusikia mama yake akisifiwa, na mbele ya Mchungaji wako. Nilifikiria kukwambia faraghani, mlango umefungwa. Lakini jina lako lilichafuliwa mezani mbele ya watu, na wewe ndiye uliyefuta kioo changu watu wasione. Sikuona ni haki nifichike mara mbili nyuma ya mtu mmoja.

Nilienda kwa ofisi ya wafanyakazi nikaomba ile barua ing'olewe. Waliniambia kwa adabu kwamba faili haliondolewi karatasi, linaongezwa tu. Basi nimeongeza. Barua mpya ni fupi na ninaisoma yote: "Mimi, Wepukhulu, msimamizi wa maabara, natangaza kwamba barua yangu dhidi ya Fundi Linah Jerop haikuwa kweli. Uchafu ulikuwa wa mikono yangu. Aliyeutambua, akauondoa na kuiokoa maabara hii ni yeye. Kila utando ulioshika tangu siku hiyo umeshika kwa sababu ya kazi yake." Mwisho wa barua. Dkt. Phelista ametia sahihi kama shahidi, na kwa wiki mbili hajanisemesha isipokuwa kuhusu leza. Anayo haki.

Nikauliza pia kuhusu cheo. Nikaambiwa kwamba mtu akishastaafu hapandishwi. Nikauliza, na asiyestaafu bado? Wakatafuta kanuni, wakaniambia kwamba kwa aliye bado kazini, Mwenyekiti wa Baraza anaweza kurekebisha kosa lililothibitishwa kwa maandishi, kwa sahihi yake, na Baraza likaidhinisha baadaye.

Mheshimiwa Mwenyekiti, leo ni Jumatano. Kosa limethibitishwa kwa maandishi na mkosaji mwenyewe, na mashahidi ni ukumbi mzima. Karatasi ya kumpandisha cheo iko katika ile bahasha ya kaki, chini ya sahani ya karanga. Najua si adabu kumwekea mkubwa jambo kama hili mbele ya wageni, na kama kuna adhabu ya utovu wa adabu nitaipokea pamoja na ile nyingine ninayostahili. Lakini mama huyu asitoke langoni Ijumaa akiwa bado kwenye cheo ambamo mimi nilimfungia.

Kabla sijaacha kipaza sauti, neno moja kwa Kevin, ambaye Jumatatu atachukua funguo za chemba. Kevin, umefunzwa na mtu huyu miaka mitano. Siku ambayo utando utabanduka, na siku hiyo itakuja, msimamizi wako atatafuta jina la kuandika. Huenda nikawa mimi tena. Wewe leta vioo, na uanze na kidole changu.

Wageni wetu, asanteni kwa kuja. Mzee Kipketer, asante kwa kutuazima mke wako kwa miaka yote hii, na karibu maabara kesho asubuhi, Dkt. Phelista atakuwashia leza uione kwa macho yako. Mkuu wa Chuo, nimezidisha dakika nne, nisamehe. Kwa nyinyi nyote mliovumilia kunisikiliza hadi hapa, nashukuru kutoka moyoni.

Naona Mheshimiwa Mwenyekiti ameisogeza sahani na anafungua bahasha. Ameomba kalamu. Mpeni kalamu.

Mama Linah, njoo. Ratiba inasema sasa ni zamu ya msimamizi kukupa zawadi, lakini zawadi itangoja. Chukua kipaza sauti hiki, nawe uniambie unachotaka kuniambia, kwa muda wowote utakaotaka. Mimi nitakusikiliza nikiwa nimesimama, Fundi Mkuu.